Bwana Afya wa Meza Yetu

Bwana Afya hakuwahi kuketi mezani kabla hajaingia jikoni. Watu wengine wakifika mkahawani huvuta kiti, huagiza soda, huulizana habari za watoto. Yeye alipita katikati ya meza na suti yake ya kaunda ya rangi ya kahawia, akasukuma mlango wa jikoni kama anayeingia kwake, na sisi tukabaki tunasubiri kuambiwa kama siku hiyo tutakula au tutarudi na njaa. Baada ya dakika kumi alitoka, akazima tochi, akaitia kwenye mfuko wa kifuani, akasema neno moja tu: "Kuleni." Hapo ndipo weta alipothubutu kuleta karatasi ya vyakula.

Tochi hiyo aliiwasha mchana kweupe. Aliimulika chini ya meza, ndani ya glasi, na siku moja ndani ya kinywa cha weta aliyekuwa akipiga miayo. Weta alifunga kinywa na hakupiga miayo tena mbele yake.

Jina lake nalijua, lakini nikilitaja hapa hakuna atakayemtambua. Malindi nzima ilimwita Bwana Afya, hata mkewe. Alikuwa mkaguzi wa afya wa serikali, na kazi yake ilikuwa kuangalia mahali watu wanapokula, wanapolala na wanapokwenda haja. Alitupa habari za kazi hiyo kwa ukamilifu, hasa ile sehemu ya tatu, na hasa wakati wa chakula.

Mahali penyewe palikuwa lile jengo jipya la maduka, kwenye barabara ya kwendea Lamu. Ilikuwa miaka ya themanini, Wataliano wamekwisha kuuzoea mji kiasi cha kutusalimia kwa Kitaliano wakitarajia jibu, na sisi tumekwisha kuwazoea kiasi cha kuwajibu. Ndani ya jengo mlikuwa na duka la vinyago, duka la nguo za kuogelea, duka la sabuni zenye harufu ya matunda ambayo hatujapata kuyaona, na katikati, chini ya matao, mkahawa wa piza. Wenyeji tulipita mbele yake tukijifanya tuna haraka. Bwana Afya ndiye aliyetutoa ushamba. Alisema ameisoma sheria ya afya ya umma kutoka jalada hadi jalada na hakuona mahali inapomkataza Mgiriama kula piza.

Tulikuwa wanne kila Jumamosi. Yeye, aliyetuzidi sote kwa miaka kama ishirini, na ambaye tulimwamkia shikamoo kwanza ndipo tukamtania. Mimi, mwalimu wa Kiswahili wa shule ya sekondari. Karani wa kiwanda cha chumvi, aliyesafiri kutoka Marereni, na ambaye wiki nzima alivuta hewa ya chumvi, hata akawa hataki kuiona kwenye sahani. Na msimamizi wa udobi wa hoteli moja ya watalii, ambaye hakuweza kula kabla hajainua ncha ya kitambaa cha meza na kukinusa. Ukituona kwa mbali ungedhani ni kamati ya ukaguzi wa mkahawa, wala si watu waliokuja kula.

Bwana Afya aliagiza kwa niaba ya wote. Alijua maradhi ya kila mmoja, na pale alipokosa kuyajua aliyabuni. Karani alikatazwa jibini kwa ajili ya kifua. Dobi alikatazwa pilipili kwa sababu anafanya kazi penye joto. Mimi nilikatazwa aiskrimu, ati sauti ya mwalimu ni mali ya serikali. Kisha yeye mwenyewe akala jibini, pilipili na aiskrimu, akisema ni lazima ajue anachotukataza.

Kitaliano alikisoma kwa ujasiri mkubwa. Siku ya kwanza kabisa aliweka kidole kwenye karatasi ya vyakula, penye neno *funghi*, akatuita tusogee karibu. Alituambia kwamba hilo ni neno letu, wametunyang'anya. "Fungi ni fungu," akasema. "Sokoni samaki wauzwa kwa mafungu, na piza ni vivyo hivyo. Agizeni kwa fungu, msipunjwe." Nilimwambia, kwa adabu, kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili na neno lile silo. Akaniuliza kama shuleni kwangu hufundisha Kitaliano. Nikasema hapana. "Basi nyamaza," akasema.

Piza ikaja imejaa uyoga. Karani wa chumvi alirudisha kiti nyuma, kwa sababu bibi yake alimlea akimwambia uyoga ni sumu ya kuulia mafisi. Dobi naye akakumbuka kwamba hana njaa. Bwana Afya hakurudi nyuma. Aliwasha tochi, akamulika kipande kimoja kimoja, akakitafuna taratibu huku jasho likimtoka kwenye paji la uso, mpaka akamaliza yote. Kisha akasema lile fungu lilikuwa dogo. Tangu siku hiyo dobi akawa na utani wake: "Leo kala fungi. Iko siku atafunga."

Utani huo ulikuwa na mwiba, na sote tuliujua. Kufunga ndiyo iliyokuwa kazi yake, na alifunga kweli, lakini vya nani? Vibanda vya mahamri, vya uji, vya samaki wa kukaanga. Mahali penye kitambaa cha meza hajafunga hata mara moja. Tulimwambia sheria yake inaogopa vitambaa. Alijibu kwamba sahani safi si ushahidi. Ushahidi ni tambara lililoifuta. Lilikuwa jibu zuri, lakini halikujibu swali.

Misemo ya namna hiyo alikuwa nayo mingi. Alisema inzi hana mgeni wala mwenyeji. Alisema mpishi anayeimba sana msimwamini, anafunika jambo. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko kama daktari, kisha akajipangusa kwenye suruali. Aliwahubiria watu choo bora katika kila mkutano wa chifu, na choo chake mwenyewe kilibomoka msimu wa mvua kikakaa hivyo mpaka mvua nyingine, mkewe akawa anawaeleza majirani wazi wazi kwamba mganga hajigangi. Tulipomuuliza alisema kiko chini ya uchunguzi.

Jambo moja tu hatukumtania. Hakuacha maji kwenye glasi, si yake wala ya mwingine. Tulipoinuka kuondoka alizunguka meza yetu akamalizia maji tuliyoyabakisha, glasi kwa glasi, yeye aliyetufundisha kwamba mate ni makazi ya vijidudu. Alikuwa mtu wa Ganze. Alipokuwa mdogo waliamka alfajiri kufuata maji, na jua lilikuwa linawaka waliporudi. Hakutuhadithia hayo kwa huzuni. Aliyasema mara moja, akanywa, na mimi nilimpenda kwa ajili ya hilo zaidi ya kwa lolote jingine.

Sasa nifike kwa Mama wa Viazi, maana bila yeye Bwana Afya ni kichekesho tu.

Nyuma ya lile jengo palikuwa na uchochoro wanakopita wafanyakazi wa maduka. Hapo mama mmoja, naye mtu wa Ganze, alikuwa na kibanda cha makuti, jiko la makaa na karai. Aliuza viazi vya karai na ukwaju. Mumewe alikwenda Mombasa kutafuta kazi akakosa njia ya kurudi, na watoto wanne walikula na kusoma kwa lile karai. Wauza sabuni walikula kwake, askari walikula kwake, na siku za kazi Bwana Afya mwenyewe alikula kwake, wima, viazi vimefungwa kwenye gazeti, japokuwa alikuwa na mhadhara mrefu juu ya ubaya wa wino. Huko hakwenda na tochi.

Basi kukatokea moshi. Jumamosi baada ya Jumamosi ulikuja pale mezani, ukatuingia machoni, ukawakohoza Wataliano. Meneja wa mkahawa alisema unatoka kwa yule mama. Hatukuinuka kwenda kuangalia. Sisi ni wateja, kuangalia si kazi yetu. Siku moja akatuletea barua ya malalamiko iliyokwisha pigwa taipu, na nyuma yake weta akabeba bakuli za aiskrimu ambazo hatukuziagiza. Bwana Afya alisema yeye ndiye atakayepokea barua, hivyo si vyema aonekane akiisoma, akageuza uso kuelekea duka la vinyago.

Karani alitia saini, dobi akatia saini. Mimi niliisoma kwanza, kwa sababu mwalimu hasaini kitu chenye makosa. Barua ilisema moshi "unatusumbua." Nikaliona neno la kitoto. Nikalikata kwa kalamu yangu, nikaandika juu yake "unatukirihisha," nikatia saini, nikala aiskrimu niliyokatazwa.

Jumatatu yake nilikuwa na kipindi kimoja tu, nikapita uchochoroni. Nitasema kweli: nilipita makusudi, nione. Bwana Afya alikuwa amesimama mbele ya kibanda na karatasi yake ya kufungia. Sheria haikumtaka asome barua ya malalamiko kwa sauti, lakini yeye alikuwa mtu wa kufuata taratibu hata zisizokuwapo, akaisoma yote, na majina yetu na kazi zetu. Alianza kwa kusema pafukapo moshi pana moto. Mama alisikiliza mikono yake ikiwa na unga. Bwana Afya alipomaliza, mama aliuliza jambo moja.

"Kukirihisha ndiyo kufanya nini, Bwana Afya?"

Bwana Afya alilitazama lile neno. Kisha akaniona mimi kwenye mdomo wa uchochoro. "Ni neno la Mwalimu," akasema.

Mama akanitazama, akangoja nieleze. Nilitabasamu kama mtu aliyepita tu, nikaenda zangu, na Jumamosi nikalisimulia mezani wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, sikuwa mtoto. Mama alimwaga mafuta, akajitwika karai, akaondoka Malindi na wanawe. Hakuna kati yetu aliyeuliza amekwenda wapi.

Baada ya hapo Bwana Afya alibadilika kidogo, ingawa tulisema ni uzee. Aliendelea kuingia jikoni na kutoka, lakini ile "Kuleni" yake ikapungua sauti. Siku za kazi alikuwa akila mkate mkavu ofisini. Dobi alimuuliza kama ni mlo wa daktari, naye akasema ni mlo wa mkaguzi.

Ilipata miezi minne hivi. Jumamosi moja tunakula, moshi ukaja. Ulikuja mzito kuliko wa zamani, wa kuni, ukakaa juu ya meza. Karani akakohoa. Dobi akasema, "Kumbe yule mama karudi?"

Bwana Afya aliweka uma chini. Alitazama juu, akafuata moshi kwa macho kama anayesoma ubaoni, kisha akainuka akazunguka nyuma ya jengo. Dirishani tulimwona amepanda juu ya kreti la soda, ameshika ukuta. Bomba la tanuri la piza lilikuwa limeoza kwa kutu na kufunguka ubavuni, likawa linatema moshi wote uchochoroni, mahali hasa palipokuwa na kibanda. Upepo ukigeuka, unaurudisha mezani; ile miezi minne ulikuwa umevuma upande wa pili. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Makaa ya mama hata hayakuwa na moshi wa kumtoa mtu chozi, na hilo kila aliyekulia pwani analijua. Sisi tulikuwa tumelisahau kwa ajili ya vitambaa vya meza.

Alirudi akaketi. Tukamuuliza. "Moshi ni wa piza," akasema, akachukua uma. Alikula mpaka ukoko wa mwisho, kwani hakutupa chakula maishani mwake. Alikunywa maji yake. Akapangusa kinywa. Ndipo alipotoa mfukoni karatasi tupu na kalamu, akaandika maneno yale yale, "moshi unatukirihisha," neno kwa neno, herufi kwa herufi, akaiweka katikati ya meza.

"Tieni saini," akasema. "Moshi ni ule ule."

Karani wa chumvi alisema hana kalamu, na kalamu ilikuwa mbele yake. Dobi alisema meneja wake wa hotelini na mwenye mkahawa ni watu wa kutembeleana. Mimi nilisema, na sitasahau nilivyosema, kwamba ningependa kuipitia vizuri nyumbani kwanza, isije ikawa na makosa.

Bwana Afya alitia saini peke yake, akasimama mbele ya Wataliano na piza zao, akaisoma amri ya kufunga mkahawa kwa sauti ile ile aliyoisomea uchochoroni. Aliyekuwa na chakula amalize, asiye nacho aende kwake. Meneja alidhani ni mzaha, akamwashiria weta alete aiskrimu. Aiskrimu ilipofika, mlango wa jikoni ulikuwa umekwisha kubandikwa karatasi. Tukatoka wanne, na pale barazani sisi watatu tukapata ghafla kila mmoja njia yake.

Mkahawa ulifungwa siku tatu. Simu zilipigwa, bomba likafungwa kwa waya, na Jumatano piza ikarudi. Kabla mwezi haujaisha Bwana Afya alipewa uhamisho wa kawaida, kama wanavyosema, kwenda Ganze kukagua visima. Sisi watatu tulirejea pale Jumamosi ile ile baada ya kufunguliwa, bila yeye. Tuliketi moja kwa moja bila mtu kwenda jikoni, tukaagiza kila mmoja alichotaka, na ningependa kuandika kwamba chakula kilitushinda, lakini hakikutushinda. Sikumpelekea hata barua.

Miaka miwili ikapita hivi. Nilikuwa narudi kutoka Mombasa kusahihisha mitihani, nikashuka Mnarani kungojea kivuko cha kuvukia Kilifi. Foleni ilikuwa ndefu na njaa ilikuwa imenishika. Nikaona kibanda, na kwenye benchi la kibanda ile suti ya kaunda, imepauka, mwenyewe amekonda ndani yake. Mbele yake alikuwa na sahani ya bati yenye viazi vya karai.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba, Mwalimu," akasema, akafurahi waziwazi, na mimi nikafurahi na kuona haya kwa pamoja. Tuliulizana hali. Alisema Ganze visima bado ni vichache kuliko wakaguzi wake. Kila mwisho wa mwezi huja Kilifi kuleta ripoti ofisini, kisha huvuka kivuko kuja kula hapa, kisha huvuka tena kurudi. Nikamtania kama zamani, nikamwambia bahari yote hii ni kwa ajili ya viazi?

"Kwa ajili ya viazi," akasema, bila kucheka.

Mwenye karai alikuwa ametupa mgongo. Hata nilipoitwa Mwalimu hakugeuka. Mkono wake tu uliokuwa ukigeuza viazi ulisimama kidogo, ukaendelea. Nilimjua kwa mabega. Kwenye nguzo ya kibanda palitundikwa cheti cha afya ndani ya karatasi ya nailoni, kwa mwandiko ninaoufahamu. Nikaona mambo yamekwisha kutengenea yenyewe, kama yanavyotengenea mara nyingi mtu akiyaacha. Nikasogea na bashasha zangu zote.

"Mama, habari za siku nyingi. Nipatie viazi vitano."

"Vimekwisha," akasema.

Karai lilikuwa limejaa, mafuta yanatoa povu. Alitoa viazi sita, akavifunga kwenye gazeti, akampa dereva wa lori aliyesimama nyuma yangu. Nikacheka, nikidhani ananitania.

"Na hivyo je?"

"Hivi vina wenyewe." Alisema kwa upole, kama unavyomwambia mtu njia aliyoipotea. Kisha akageuka, akanitazama machoni. "Huyu alikuja akaketi hapo mara tatu, sikumpa hata maji. Mara ya nne akaniambia, mimi ndiye niliyekufungia, na sikuwa na haki, nisamehe. Wewe Mwalimu umekuja na njaa tu."

Bwana Afya aliinamisha kichwa. Nadhani aliona haya kwa niaba yangu. Kisha akaisogeza ile sahani yake ya bati juu ya benchi, taratibu, mpaka ikafika nilipokuwa.

"Karibu, Mwalimu," akasema.

Nilikitazama kile chakula, nikamtazama mwenye chakula. Mama alikuwa amerudi kwenye karai lake, hakusema ndiyo wala hapana. Palikuwa na neno moja la kumwambia kwanza, fupi, nalo nilikuwa nikilifundisha shuleni mwaka hadi mwaka. Nililitafuta.

"Starehe," nikamjibu Bwana Afya, kama mtu aliyeshiba, nikaenda kupanga foleni ya kivuko.